Wifi Celestina na Fahali wa Plaiwudi

Wifi akija kukaa kwako, watu wanakupa pole kabla hajatua begi. Mimi nilipewa pole na nusu ya mtaa wetu wa Igoma, hapa Mwanza. Mume wangu, Gosbert, alinipigia simu akaniambia dada yake anakuja kutoka Bukoba, kwamba duka la uchapaji alilokuwa akifanyia kazi limefungwa, na kwa kuwa sisi tuna karakana yenye kompyuta, atatufaa. Gosbert yuko mgodini Geita, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo dada alikuwa wake, lakini wa kukaa naye nilikuwa mimi.

Karakana yetu iko pembeni ya barabara ya Musoma. Tunatengeneza mabango, milango ya makabati na herufi za mbao za kumbi za harusi. Tuna mashine ya kukatia mbao inayoongozwa na kompyuta: meza pana, na juu yake kisu kinachozunguka kwa kasi na kufuata mstari uliouchora kwenye kioo cha kompyuta. Ukichora vizuri, mbao inatoka vizuri. Ukichora ovyo, mashine haikuulizi, inakata hivyohivyo na umeme unalipa wewe.

Celestina alikuwa na shahada ya usanifu na mwendo wa kinyonga. Sisi Wasukuma tunawatania Wahaya kwa usomi wao, tunawaita nshomile, na huyu nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza wala hakukasirika. Hilo nalo liliniudhi. Akikaa kwenye kompyuta aliweza kutazama herufi moja mpaka chai yake ikaota utando. Mimi nimekulia Magu, kwenye nyumba ya watu wengi, na kwetu aliyechelewa kusema alikosa nyama. Nilikuwa nikimpita pale na kupiga meza kidogo kwa kidole, nikimwambia, "Nshomile, hiyo herufi imeshakujua sasa."

"Bado, wifi," ananijibu, na anaendelea kuitazama.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku Manju Kashindye alipoingia karakanani. Mahindi yalikuwa yameshavunwa na msimu wa ngoma ulikuwa unakaribia. Nilipomwona nilisimama bila kujijua. Manju ndiye kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbaji, na nikiwa msichana nilitoroka nyumbani kwenda kumsikiliza huyu, nikachapwa, na mwaka uliofuata nikatoroka tena. Sauti yake ilikuwa inavuka mto. Watu walikuwa wanasema Kashindye akiimba Magu, ng'ombe wa Kwimba wanainua masikio.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba mama. Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma.

Ilibidi nimsogelee. Chini ya kidevu chake palikuwa na kovu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayekunong'oneza siri msibani. Aliugua koo, akapasuliwa, akapona. Ugonjwa ulipoondoka uliondoka na sauti.

Kwa asiyezijua ngoma zetu, nieleze kidogo. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake upande wake. Hakuna jaji wala kikombe. Jaji ni watu. Wanatembea huku na huku, wanaonja huku na huku, na jua likizama, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Kwa hiyo manju anaimba, na zaidi ya kuimba anatafuta kitu cha kuvuta macho: kinyago kinachochezesha mikono, mtu anayecheza na chatu, chochote kile watu hawajakiona. Miaka miwili mfululizo watu walikuwa wamemwacha Kashindye peke yake na ndugu zake, wakahamia kwa Ngosha, manju wa upande wa pili. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lilikuwa limeshamchagua Ngosha.

"Wenzangu wamekaa kikao," Kashindye alisema. "Watu wakinikimbia na mwaka huu, wanachagua manju mwingine. Sijawakasirikia. Mimi ningekuwa wao ningefanya hivyohivyo." Akameza mate kwa shida. "Lakini nimekuwa manju tangu sijaoa. Wakinivua umanju, nyumbani atarudi nani?"

Nilihisi machozi yananijia, na mimi nikitaka kulia huwa nachangamka, kwa hiyo nikamuuliza kwa sauti ya juu anataka tumtengenezee nini.

Alitoa simu na kutuonyesha picha ya fahali wake, mweusi mwenye baka jeupe usoni, pembe zimetanuka upana wa mlango. "Ngosha mwaka jana alileta simba amechorwa kwenye ubao mkubwa. Watu walimpenda. Lakini simba yule alikuwa bapa. Mimi nataka fahali anayetoka kwenye ubao akawafuate watu."

"Inawezekana," nilisema. Sikujua inawezekanaje. Nilijua tu kwamba mtu huyu hatoki kwangu na jibu la hapana.

Celestina alikuwa amegeuza kiti. "Baba, watu watasimama wapi? Mbele yake au pembeni?"

"Mbele. Wanatuzunguka kama mwezi mchanga."

"Basi atoke kwa uso," alisema, akachukua kipande cha karatasi na mkasi. Alikata duara, ndani yake akakata pete, na ndani yake pete nyingine, mpaka katikati pakabaki kipande kidogo. Akaziunga pete kwa uzi, kila moja na jirani yake. Ikilala mezani, ilikuwa karatasi tu. Aliposukuma kile cha katikati kwa kidole, kilitoka mbele na kuvuta pete inayofuata, nayo ikavuta nyingine, kama vile vikombe vya plastiki vya kukunja ambavyo wanafunzi hubeba mifukoni. Karatasi iliota pua. Manju Kashindye aliichukua, akaisukuma, akairudisha, akaisukuma tena. Nadhani hapo ndipo alipoanza kutuamini.

"Nipeni siku chache nifikiri," Celestina alisema.

Siku chache. Ngoma yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alichora kichwa cha yule fahali kutoka kwenye picha, mstari mmoja safi unaozunguka pembe, masikio, mashavu na mdomo, kisha akaacha. Kila nikipita namkuta anautazama mstari ule. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Jumapili alikwenda kuimba kwaya kanisani kwao, maana ni Mlutheri wa kupindukia, na mimi nilibaki na kile kichwa kwenye kioo na mikono inawasha.

Nikajiambia, hapa kuna ugumu gani? Kichwa kipo. Ninachotaka ni kichwa kingine kidogo ndani yake, na kidogo zaidi ndani ya hicho. Nikakinakili, nikakipunguza, nikakiweka katikati. Nikanakili tena, nikapunguza tena. Kwenye kioo kilipendeza, mtu angedhani ni kazi ya wiki nzima. Niliweka ubao mzima wa plaiwudi kwenye meza ya mashine, nikakata, nikaunga pete kwa kamba nilizokuwa nazo, nikasimamisha ubao ukutani na kusukuma kwa mpini wa fagio.

Mashavu yakavunjika. Yalilia kama njiti za kiberiti, kushoto halafu kulia. Na kilichobaki mbele yangu sikujua nikiite nini. Unapopunguza umbo, kila sehemu inakimbilia katikati, na iliyo mbali inakimbia zaidi. Ncha za pembe zilikuwa mbali, kwa hiyo huko pete zilikuwa pana kama mbao za kitanda. Mashavu yalikuwa karibu na katikati, kwa hiyo huko pete zilibaki nyembamba kama fito. Na si hivyo tu. Kila kichwa kidogo kilikuja na pembe zake ndogo, mpaka yule wa katikati kabisa, kwa hiyo vilipotoka mbele vilitoka na pembe juu ya pembe.

Kashindye alipitia Jumatatu asubuhi kuona tulipofikia. Alikizunguka kile kitu mara moja, mikono nyuma.

"Mama," alisema taratibu, "huyu ana pembe mpaka puani."

Alisema kwa adabu, na akacheka kidogo ili nisione haya. Lakini alipokuwa anatoka nilimwona amesimama mlangoni muda mrefu, anatazama barabara kama mtu asiyekumbuka nyumbani ni upande gani. Nilijichukia.

Celestina aliingia, akaona. Nilisubiri aniseme. Angeniambia haraka haraka haina baraka ningemrukia, na tungekuwa sawa. Badala yake aliinama akaokota kipande cha shavu kilichovunjika, akaweka kidole chake juu yake kupima upana, kisha akaweka kidole kilekile kwenye kipande cha pembe. Akatikisa kichwa polepole, na nikaona kwamba hakuwa ananisikitikia. Alikuwa amefurahi.

"Wifi, chukua mtandio," alisema. "Twende Mwaloni tukanunue nyuzi za nyavu. Hizi kamba zako zinavutika."

Mwaloni ni soko la samaki pale Kirumba, na nyuma yake ni ziwa. Tulinunua uzi wa nailoni, ule mgumu wa nyavu za sangara. Nilikuwa nimeshageuka kurudi aliponishika mkono, akanipandisha juu ya jiwe kubwa lililo kando ya maji. Chini yetu palikuwa na mwamba mwingine, bapa, ulioinama taratibu kuingia ziwani, na upande wa mbele ulikuwa na ncha mbili nyembamba zilizochongoka majini. Juu yake palikuwa na mistari myeupe, mmoja ndani ya mwingine, alama za maji kila ziwa lilipopanda na kutulia.

"Nimekuwa nikiutazama huu tangu nilipofika Mwanza," alisema. "Tazama mstari wa nje. Unafuata kila kitu, mpaka zile ncha. Sasa ule wa pili."

Niliutazama. Ncha zilikuwa zimekuwa fupi na butu.

"Wa tatu."

Hazikuwepo. Palibaki mgongo wa mwamba tu, mviringo kama wa mamba aliyelala.

"Maji hayakuufanya mwamba kuwa mdogo," Celestina alisema. "Yaliingia ndani kwa kiasi kilekile kila upande. Palipokuwa pembamba yakapamaliza mapema. Palipokuwa pana, pakabaki. Wewe ulipunguza fahali, wifi. Tunatakiwa kumla pande zote kama maji."

Nimezaliwa kando ya ziwa hili. Nimefua nguo juu ya mawe kama yale, nimekaa juu yake nikila miwa, nimechumbiwa juu yake. Sikuwahi kuiona mistari ile. Nilimtazama wifi yangu, na kwa mara ya kwanza sikutaka kumharakisha.

Karakanani alifuta vichwa vyangu vyote, akabakiza ule mstari wake wa kwanza. Akauchagua, akaita ile amri ambayo mafundi tunaiita ofseti, akaandika umbali, akabonyeza. Mstari mpya ulizaliwa ndani ya wa zamani, sambamba nao njia nzima: upana uleule shavuni, upana uleule sikioni, upana uleule kwenye pembe. Nilichukua rula nikapima kwenye kioo, sehemu baada ya sehemu, nikitafuta kosa. Sikulipata.

Akabonyeza tena. Na tena. Nikaona pembe zinafupika.

"Simama," nilisema. "Zinaliwa pembe."

"Zinaliwa."

"Sasa fahali gani huyu? Kashindye tutamwambia tumemchongea ndama?"

Aligeuka, akaniuliza kwa upole uliokuwa karibu na utani, "Wifi, wewe ndiye mwenye ng'ombe kwenu. Fahali akikujia uso kwa uso, cha kwanza kukufikia ni nini?"

"Pua."

"Pua ina pembe?"

Nikasogeza uso kwenye kompyuta. Kwenye kioo ilikuwa wazi sasa. Pete ya nje kabisa ilikuwa na pembe kamili, na hiyo ndiyo ingebaki nyuma kwenye ubao. Iliyofuata ilikuwa na pembe fupi. Halafu masikio nayo yakayeyuka, ukabaki uso, na mbele kabisa mdomo, mpana na laini, bila chochote. Pembe nyuma, pua mbele. Kile nilichodhani ni hasara ya kompyuta ndicho kilichokuwa ng'ombe.

Aliendelea, na mimi nikavuta kiti. Kufikia katikati, mstari ulifanya jambo nililodhani ni hitilafu: ulikatika ukawa visiwa viwili, kimoja juu kwenye paji, kimoja chini kwenye mdomo, kwa sababu katikati ya macho na pua uso wa ng'ombe hubanwa. Mimi ningefuta kimoja. Celestina alikaa akavitazama, chai ikiota utando, kisha akasema paji libaki nyuma kwa uzi mfupi na mdomo ndio usukumwe. Alikumbuka pia kwamba kisu cha mashine kina unene wake na kinakula mbao, kwa hiyo akausogeza kila mstari kwa nusu ya unene huo ili pete zisitoke nyembamba kuliko alivyozipanga. Kona za ndani akazifanya duara, maana plaiwudi huanzia kupasuka kwenye kona kali. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloambiwa na mtu.

Niseme wazi: nilimwonea fahari. Nimefanya kazi na mafundi wengi wenye mikono myepesi na midomo myepesi zaidi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Sijawahi kumwona mtu anayeweza kukitazama kitu kwa muda mrefu namna ile bila kukilazimisha, mpaka kitu chenyewe kimwonyeshe njia. Ule uliokuwa ukiniudhi kama uvivu ulikuwa ni kazi.

Tulikata. Tulipiga msasa. Tulimpaka rangi nyeusi na lile baka jeupe. Kufunga nyuzi ndiko kulikotutoa jasho, kwa sababu uzi mmoja ukizidi urefu kidogo, uso wote unapinda kama wa mtu mwenye jino bovu. Nilifunga, Celestina akakagua, nikafungua, nikafunga tena. Nililalamika sana na nilifurahi sana.

Kashindye alipokuja tena, tulimsimamisha uani mbele ya ubao, na mimi nikaingia nyuma na mpini. Nilisukuma taratibu. Niliusikia mlio wa pete zikiachana, laini, mmoja baada ya mwingine. Kisha sikusikia kitu, nikachungulia. Manju Kashindye, mtu aliyeishi na ng'ombe tangu utotoni, alikuwa amerudi hatua nzima nyuma. Halafu akasogea. Akaweka kiganja kwenye pua ile ya plaiwudi na kumwita fahali kwa jina lake, lile analolijua yeye na wachungaji wake.

"Binti," alimwambia Celestina, "ng'ombe umemjulia wapi? Kwenu si ni migomba?"

"Ng'ombe simjui, baba. Niliufuata mstari tu."

Alitikisa kichwa. Lakini uso wake ulibadilika. "Watakuja kumwona," alisema. "Hilo najua sasa. Wakishakuja nitawaimbia nini, na koo hili?"

"Usiimbe," nilimwambia. "Kaa pembeni upumzike. Mwache fahali afanye kazi."

Nilidhani namfariji. Aliniitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake akiwa ameinama.

Jumamosi ile uwanja ulijaa tangu mchana. Ngosha alikuwa upande wa mashariki, kijana bado, kifua wazi, usinga mkononi, na sauti yake ilikuwa inapasua. Watu wanasema ana dawa ya kuvuta umati. Mimi niliona dawa mbili, mapafu na ujana. Alikuwa na chatu mwaka huu, amemvaa shingoni, na watu walimzunguka mpaka wengine wakapanda kwenye matrekta yaliyoegeshwa pembeni kuona.

Upande wetu palikuwa na ndugu, wake wa wachezaji, Celestina na mimi. Ubao ulisimama katikati umeshikwa na vijana, pete zake zote zimelala bapa. Watu waliokuwa wakipita waliutazama na kusema, "Ni kama wa Ngosha wa mwaka jana," wakaendelea. Wazee wa kikundi walikuwa wamekaa kwenye viti vyao. Mmoja wao, mama mtu mzima anayetunza ngoma kuu, alikuwa anatazama jua. Kashindye alimwona anavyolitazama. Akainua mkono.

Ngoma zikabadilika. Aliyekuwa nyuma ya ubao akasukuma, na fahali akatoka.

Alitoka taratibu, pete kwa pete, jua la jioni likiingia katikati ya pete hizo na kutupa vivuli usoni mwake, kwa hiyo alionekana ananenepa. Pigo la ngoma likaja, akarudi. Pigo likaja, akatoka tena. Alikuwa anahema. Muuza miwa aliyekuwa amesimama katikati ya uwanja aliacha beseni lake na kuja. Watoto wakaja mbio, wakamfikia, wakakimbia, wakarudi. Halafu kina mama. Halafu vijana waliokuwa kwenye matrekta wakageuza vichwa, na waliokuwa chini wakageuka kuona wale wanatazama nini. Baada ya hapo sikuona tena mtu mmoja mmoja. Niliona vumbi linavuka uwanja kuja kwetu.

Nilimshika Celestina nikamtikisa kama mti wa mapera. Alikuwa analia bila sauti na kutabasamu. "Mdomo uko sawa," aliniambia. "Haujapinda."

Umati ulitubana mpaka tukawa begani mwa wachezaji. Hapo Kashindye alisogea mbele ya fahali wake na kuinua mkono tena, na ngoma zikanyamaza zote. Fahali akasimama akiwa ametoka nusu.

Nilitaka kumpigia kelele. Tumewapata, nilisema moyoni, watu hawa hapa, mzee, usiwapoteze, endelea kuwachezea ng'ombe. Yeye akafungua mdomo.

Mwanzoni haikusikika. Midomo ilicheza tu. Waliokuwa mbele kabisa, wale waliokuja kushika pua ya ubao, waliinama kumsikiliza, kwa kuwa walikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Wakanyamaza. Waliokuwa nyuma yao walipoona wamenyamaza, nao wakanyamaza, na kimya kikarudi nyuma hivyo, safu kwa safu, kikatupita sisi na kuendelea. Ndipo nikamsikia. Aliimba kwa Kisukuma, kwa ile sauti yake ya kunong'ona: zamani nilikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, leo nimebaki na ya kumwita ndama aliye mlangoni, ndama wangu, mbona umekuja karibu hivi?

Safu ya mbele ilimwitikia. Waliitikia kwa chini, wakaishusha sauti yao mpaka ikawa sawa na yake, ili wasimfunike. Yule mama wa ngoma kuu alikuwa ameacha kutazama jua.

Nilielewa hapo kwamba nilikuwa mjinga kwa mara ya pili wiki ile. Nilidhani tumemtengenezea kitu cha kuimba badala yake. Kumbe mtu yule sauti alikuwa nayo yote. Kilichokosekana ni watu wa kusogea.

Nyuma yetu mtu alikuwa anajipenyeza kwa viwiko. Niligeuka, tayari kugombana. Alikuwa Ngosha, jasho linamtiririka, hana chatu, usinga bado mkononi. Nilitazama upande wake wa uwanja. Ngoma zake zilikuwa zimekaa chini na wapigaji wake walikuwa wanakuja nyuma yake. Nikajua amekuja kuharibu, nikasimama mbele yake nimshike shati ambalo hakuwa amevaa.

Hakunitazama. Alinyoosha shingo juu ya bega langu, akasikiliza, kisha akageukia vijana wawili waliokuwa wanazungumza karibu yake na kuinua usinga.

"Nyamazeni kidogo," aliwaambia. "Sisi wa huku nyuma hatumsikii."